Marumaru

Kaka zangu walituma fedha, nyumba ikaezekwa bati la rangi,
sakafu ikavikwa marumaru nyeupe, zinang'aa,
hata ukimwaga maziwa huyaoni.
Desemba ile wote walipanda Kidia, wakapiga picha,
wakala, wakanywa mbege, wakaondoka.
Tukabaki watatu: mimi kitindamimba, mama, na sakafu.

Mama Apaikunda hakusema kitu.
Ila nilianza kuona alama za mikono ukutani,
usawa wa kiuno, kutoka chumbani hadi sebuleni,
mstari wa masizi na mafuta ya kupikia
kama njia ya sisimizi.

Huyu ndiye aliyeshuka Kiboriloni na mkungu kichwani
mvua za Aprili, udongo mwekundu ukiteleza kama bamia,
akavuka mfongo juu ya gogo moja, mtoto mgongoni,
mtoto mwenyewe mimi.
Hakuwahi kuanguka. Ama alianguka tusiambiwe.

Sasa anauliza, "Mvua imenyesha?"
kabla hajafungua mlango wa uani.
Sasa kengele ya kanisa ikilia
anasema goti, anasema baridi, anasema
mchungaji wa siku hizi anahubiri haraka mno.
Hasemi woga. Neno hilo halijawahi kukaa kinywani mwake;
limeshuka, nadhani, likajenga kwenye nyayo.

Nilimpeleka Mawenzi, kliniki ya sukari.
Muuguzi akashika uzi mgumu, mfano wa unywele wa mkia wa ng'ombe.
"Bibi, fumba macho. Nikikugusa, sema."
Akafumba.
"Nasikia," akasema mama.
Uzi ulikuwa bado hewani.
"Nasikia," tena,
kwa sauti ya mwanafunzi anayeitwa jina.
Muuguzi akanitazama.
Mimi nikasoma bango la chanjo, mara mbili.

Jioni nikachemsha maji, yakapoa, nikayapima kwa kiwiko
kama alivyonipimia.
Beseni la bluu. Miguu yake ndani,
magaga yamepasuka kama mifongo ya kiangazi,
kucha ya dole gumba imenona, ya njano,
imejikunja kuitafuta nyama.
Na kati ya vidole viwili, kidonda,
punje ya ulezi tu,
asichokijua.
"Hapa panauma?"
"Wapi?"
"Hapa."
"Hapo nako ni kwangu?"
Tukacheka. Kisha mmoja wetu akaacha.

Nilikata kucha sawasawa, sikuchimba pembeni, kama nilivyoagizwa.
Nilikuwa napitisha kitambaa kati ya vidole, kimoja kimoja,
aliposema, macho kafumba:
"Nilianguka. Mwezi wa saba. Pale mlangoni pa jikoni.
Nikalala chini nikauona uvungu wa meza, haujafagiwa.
Nikangoja mpaka nikaweza.
Kisha nikaufagia."

"Mbona hukuniambia?"
"Ungewaambia wenzako.
Wangenipeleka Dar es Salaam, ghorofani,
nikaanguke kwao."

Kesho yake nikanunua viatu vya kufunga nyuma, soli ya mpira,
namba moja zaidi, maana miguu inavimba jioni.
Fundi Kiwelu akapigilia bomba ukutani, juu ya ule mstari wa masizi;
mama alikwishatuchorea ramani.
Halafu nikachukua patasi na nyundo,
nikapiga magoti kwenye ujia,
nikaanza kuziparua marumaru, moja baada ya moja,
ziwe na ukali wa jiwe la kusugulia kisigino.

Simu ikaita. Kaka mkubwa.
"Kelele gani hizo?"
"Natengeneza njia."
"Njia? Ndani ya nyumba?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vipya,
anaitazama sakafu iliyochubuka
kama mtu anayemtambua ndugu.
Akaja. Hatua, pumzi. Hatua.
Mkono wake ulikuwa umeinuka pembeni,
upana wa kidole kutoka kwenye bomba,
haushiki,
wala hauliachi.